Nailoni ya Mzee Ngige

Mzee Ngige hakuwahi kubandua nailoni kwenye kitu alichonunua kipya. Kochi la nyumbani kwake lina nailoni. Ukikalia siku ya jua, unainuka na sauti. Rimoti ina nailoni. Kikokotoo cha dukani kina nailoni. Viti vya gari vina nailoni tangu gari liletwe kutoka Mombasa. Mkewe Beth, ambaye sisi tunamwita Mama Kabiru, alishachoka kubishana naye. "Huyu mtu," aliniambia siku moja, "hata mimi alinioa akauliza nailoni yangu iko wapi."

Duka lake la picha na uchapishaji liko Kitale, nyuma ya stendi. Wakati huo kimeza changu kilikuwa ndani ya duka hilo, mkono wa kushoto ukiingia. Nauza kava za simu na kubandika protekta za kioo. Jina langu ni Rosaline, lakini ukiuliza Rosaline utapotea. Uliza Mama Kava. Nilikuwa na benchi la watu wanne, na kwa kawaida lilikaliwa na sita. Mtu akitaka kujua nani ameachwa na nani ameokoka alikuja kununua kava, na akishajua alisahau kava. Biashara haikui hivyo, lakini siku inaisha.

Kiptum, aliyekuwa akifanya dizaini kwenye kompyuta ya Ngige, aliacha kazi Ijumaa akaenda Eldoret. Jumamosi Mama Kabiru akanipa kitambaa tusaidiane kupanguza vumbi. Nilikuwa namsimulia habari za mwalimu mmoja wa Kiminini na harusi yake ya pili, huku mkono ukipanguza skrini ya kompyuta hiyo, ndipo ukucha wangu ukakuta pembe iliyoinuka. Sasa mimi kazi yangu ni kubandika na kubandua. Kidole changu hakijui kukuta pembe imeinuka kikaiacha. Nilivuta. Ikatoka kwa kipande kimoja, kama utandu wa maziwa. Hiyo ni nailoni ya usoni. Ile ya pembeni, kwenye fremu, ilikuwa imegandana, nikaiacha.

Mama Kabiru alikuwa ameenda kusuuza kitambaa. Nikaitazama ile nailoni. Nzito, imara, saizi ya trei yangu kabisa. Nikaitandaza juu ya trei ya kava, vumbi la stendi lisiingie. Sikusema kitu, kwa sababu fundi mmoja aliwahi kubandua nailoni ya mlango wa gari la Ngige, na Ngige hakumsalimia mwaka mzima, hata kanisani. Jumatatu Ngige alipoingia aliona nailoni imejikunja kwenye fremu kama siku zote, akaridhika. Ile nyingine ilikaa juu ya meza yangu, mbele ya kila mtu, wiki saba.

Jumatatu hiyo hiyo ndiyo Nasimiyu alianza kazi.

Nasimiyu ni wa Mabanga, karibu na Bungoma mjini. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili na cheti chake cha dizaini, akitengenezea kanisa karatasi za ibada bure. Ngige alimpa miezi mitatu. "Nikiona kazi, unabaki. Nisipoona, tunaachana kwa amani." Kwao hakuwaambia habari ya miezi mitatu. Aliwaambia ameajiriwa, na baba yake akachinja jogoo. Haya aliniambia mwenyewe, wiki ya kwanza, pale kwenye benchi, nami nikamwahidi sitasema. Nilisema kwa watu wawili tu.

Siku ya tatu akaja Wabwile wa bodaboda kuchukua picha za leseni. Alizigeuza, akazirudisha mbele.

"Huyu ni nani?"

"Si ni wewe," Nasimiyu akasema.

"Mbona niko manjano? Dada, hii nikipeleka hawanipi leseni. Wananipa kitanda."

Benchi lote lilicheka. Nasimiyu alicheka pia, akazirudia. Zikatoka na manjano kidogo kuliko mwanzo, Wabwile akazichukua kwa sababu alikuwa na haraka.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye skrini, nyuso za watu zilionekana na ubuluu, kama watu waliotoka nje asubuhi ya Kitale bila sweta. Nasimiyu, kama mtu mwenye macho, aliongeza manjano mpaka uso ukawa uso. Akichapa, karatasi ilitoka na yale manjano yote aliyoongeza. Akipunguza manjano ili karatasi iwe sawa, kwenye skrini mtu alionekana maiti. Skrini ilisema hivi, karatasi ikasema vile, na yeye alikuwa katikati kama mtoto wa wazazi waliotengana.

Hakukaa bure. Alibadilisha wino. Alisafisha printa mpaka vidole vikawa na rangi tatu. Alirudisha mipangilio ya skrini ilivyotoka kiwandani. Alibadilisha waya. Alifunga pazia, akafungua, akabadilisha balbu. Mwisho akaanza kutuma kila picha kwenye simu yake, kuangalia rangi huko kabla ya kuchapa. Hapo alisaidika kidogo, kwa picha za mtu mmoja mmoja. Lakini mtu aliyekaa mbali aliona tu msichana ameinamia simu mchana kutwa. Mama Kabiru aliponiuliza huyu mgeni anaendeleaje, nilimwambia nilichokiona. "Anashinda kwa simu." Ni kweli alikuwa anashinda kwa simu. Mama Kabiru akampelekea mumewe neno hilo, na mumewe akaanza kuhesabu wiki.

"Macho yake hayaoni rangi," Ngige aliniambia siku moja, kwa sauti ya chini. "Kuna watu wamezaliwa hivyo. Kiptum alikaa hapa miaka mitano, hakuna mtu alitoka manjano."

Nasimiyu alikuwa nyuma ya pazia la studio. Alisikia. Alitoka na kikombe chake, akapita, akaenda kukiosha, na kilikuwa safi.

Halafu ikaja kazi ya kalenda.

Kazi aliileta mwenyewe. Senge yake, yaani shangazi wa upande wa baba, Viola, ni mwenyekiti wa kwaya ya akina mama huko Mabanga. Walikuwa wameshona majoho mapya ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, wakataka kalenda ya mwaka mpya yenye picha yao kubwa. Wangeweza kuchapa Bungoma. Walikuja Kitale kwa sababu ya mtoto wao. Kalenda mia tatu. Ngige aliona hesabu, akasema, "Hii ndiyo mtihani wako." Nasimiyu hakulala vizuri wiki hiyo, ilionekana kwa macho. Kabla ya kuchapa aliitazama picha kwenye skrini, akaitazama kwenye simu, na simu yake siku hiyo ilikuwa na ufa na protekta ya giza, niliyombandikia mimi. Kwa kuwa simu ilisema yake na skrini yake, akaamua kuamini skrini. Skrini ni kubwa, alisema, na ni ya kazi.

Kalenda zilienda Mabanga Ijumaa. Jumanne wakaja akina mama saba na mabunda yote, na joho moja ndani ya mfuko. Mimi niliposikia sauti nje nilifurahi, sitaficha. Nilisogeza benchi, nikaagiza chai.

"Karibuni. Mayi, mama, keti hapa," nilimwambia Viola.

"Sitaketi," Viola akasema. Akafungua kalenda moja, akailaza juu ya kaunta, akaweka joho kando yake. "Mzee Ngige, hujambo. Hii ni langi gani?"

Ngige akaangalia joho. "Damu ya mzee."

"Na hii ya karenda?"

Ngige akaipangusa kalenda kwa kiganja.

"Hiyo ni tofali," akasema Nabwile, mwimba sauti ya pili, mwembamba, mwenye maneno. "Kama ni damu, basi huyo mzee ameishiwa."

"Na angalia sula zetu. Tumepakwa bizali?" mwingine akadakia.

"Mimi mume wangu aliuliza kama hiyo ni kwaya ama ni wadi."

Walicheka, lakini Viola hakucheka. Alimgeukia Nasimiyu, akamwambia kwa upole, na upole ndio ulikuwa mbaya. "Mtoto wa ndugu yangu. Tuliacha watu wa Bungoma tukakuja kwako."

"Senge, nitazirudia."

"Utarudia na nini?" Ngige akauliza. "Na macho yale yale?"

Nasimiyu akasema kitu ambacho mimi nilidhani hatasema. "Mzee, muite fundi. Apime skrini. Ikiwa ni macho yangu, nitaenda leo leo, na hawa ndio mashahidi."

Ngige alikubali kwa sababu watu walikuwa wengi. Fundi aliitwa Sifuna, anatengeneza kompyuta ghorofa ya pili jengo la pili. Alishuka na kandambili. Akina mama wakampisha, mmoja akampa chai yangu.

Sifuna si mtu wa haraka. Alisema skrini iwake nusu saa kwanza ipate joto, rangi itulie, na nusu saa hiyo alikunywa chai na kuuliza wa Mabanga kama mvua imewaharibia mahindi. Halafu akaanza. Aliangalia kama ile rangi ya usiku, inayofanya skrini iwe kama taa ya mafuta, imewashwa, akakuta imezimwa. Akaangalia waya. Akaangalia kama skrini imewekwa kwa sinema ama kwa kazi. Akafungua orodha fulani ndani kabisa ya kompyuta, mahali ambapo Nasimiyu hakuwa amewahi kuingia, akapiga kidole kwenye jina moja.

"NGIGE SAFI. Hii ni profaili. Nani aliiweka?"

"Ni nini hiyo?" Ngige akauliza.

"Ni kama miwani, Mzee. Kila skrini imezaliwa na kasoro yake. Nyingine imeegemea wekundu, nyingine manjano. Unaleta kidude kama mausi, unakilaza juu ya kioo, kinapima kasoro, kinaandika miwani ya kuirekebisha. Kompyuta inavaa hiyo miwani kila ikiwaka. Sasa tuvue."

Akaivua. Picha ya kwaya, ile ya kwanza kabisa kabla Nasimiyu hajaigusa, ilikuwa imefunguliwa. Majoho kwenye skrini yalikuwa ya zambarau. Yakageuka yakawa damu ya mzee. Viola akainua joho lake akaliweka kando ya kioo. Sawa na sawa.

"Wele!" akasema mmoja. Ni Mungu huyo, kwa Kibukusu.

Sifuna akarudisha profaili. Zambarau. Akatoa. Damu ya mzee. Akarudisha, akatoa, kama mtu anayechezea swichi ya stima.

"Kwa hivyo si macho," Nasimiyu akasema. Alisema polepole, na nilimwona akishika ukingo wa kaunta.

"Si macho. Ni miwani ya mtu mwingine. Yeyote aliyepima, alipima skrini iliyokuwa na manjano mengi sana, ndiyo maana miwani inaongeza buluu hivi. Lakini hii skrini haina manjano. Ni nyeupe kabisa."

Ngige akatoa simu, akampigia Kiptum Eldoret, akaweka sauti kubwa.

"Kiptum, wewe ulipima skrini yangu?"

"Ndiyo, Mzee. Mwaka juzi, na kidude cha rafiki yangu."

"Ilikuwa manjano?"

"Mzee, hiyo skrini yako? Kama ugali wa mahindi ya manjano. Kidude kilikuwa karibu kukataa."

Ngige akakata simu. Akaangalia skrini. Akaangalia ile nailoni iliyojikunja kwenye fremu, akaigusa kwa kidole. Mimi nilijua anachofikiri kabla hajakifikiri, maana watu nawasoma, ndiyo kazi yangu ya pili.

"Sifuna. Unaniambia hii si skrini aliyopima Kiptum."

"Nakuambia ninachoona. Skrini haijisafishi yenyewe."

"Basi mtu amebadilisha. Amehamisha hata nailoni ya fremu, nisijue." Akamgeukia Nasimiyu. "Skrini yangu iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Viola aliweka kikombe chini.

"Mzee Ngige, unamwita mtoto wetu mwizi?"

"Nauliza tu. Kiptum aliondoka, vitu vikiwa sawa. Huyu akaingia, vikaharibika. Bungoma kuna maduka mangapi ya kompyuta za mkono wa pili?"

"Yako mengi," Viola akasema. "Na Kitale pia."

Nasimiyu hakupiga kelele. "Skrini ina namba nyuma," akasema. "Na wewe, Mzee, unaweka risiti zote. Tulinganishe."

"Risiti iko nyumbani, kwenye kabati, ndani ya nailoni."

Mama Kabiru, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akainuka akachukua bodaboda kwenda kuileta. Tukabaki kumi na moja tukingoja.

Hapo ndipo Nabwile, kwa kukosa la kufanya, akaja kwenye kimeza changu.

"Nipe hiyo kava ya krimu."

Niliinua nailoni, nikaitoa kava, nikampa.

"Hii ni nyeupe. Nimesema krimu."

"Ni hiyo hiyo."

"Acha bana, Mama Kava. Hiyo ilikuwa krimu." Akachukua kava, akaisukuma tena chini ya nailoni. Krimu. Akaitoa. Nyeupe. Akaniangalia. Mimi nikaangalia trei yangu. Wiki saba nilikuwa nikishangaa kwa nini kava nyeupe hazinunuliwi. Miaka mitano ya moshi wa barabara, jua la dirishani na chai za Kiptum vilikuwa vimekaa kwenye ile nailoni, na Kiptum akalaza kidude chake juu yake, akapima nailoni akidhani anapima skrini.

"Ni mwanga," nilimwambia Nabwile.

Akakubali. Watu wananiamini. Akalipia kava akarudi kwa wenzake. Ningeweza kuikunja ile nailoni nikaitia kwenye mkoba, na hadithi ingeishia kwenye risiti. Risiti ingesema skrini ni ile ile. Lakini Ngige angeuliza ni nani basi amechezea hiyo miwani, na tangu Kiptum aondoke kompyuta ilikuwa na mtumiaji mmoja tu. Nilihesabu hayo yote nikiwa nimesimama. Upande wa pili Nasimiyu alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake: kikombe, sweta, chaja. Alivipanga juu ya kaunta kwa mstari, wazi, kila mtu aone hakuna cha duka ndani yake.

Nikaichukua nailoni kwa pembe mbili, nikapita katikati ya akina mama, nikaibandika juu ya skrini kwa viganja.

"Rudisha hiyo miwani," nilimwambia Sifuna.

Akarudisha. Zambarau ikaja, ikapita kwenye nailoni, ikawa damu ya mzee.

"Ndiyo hii!" wakasema akina mama watatu kwa pamoja.

Ngige hakuangalia majoho. Aliangalia pembe ya nailoni, chini kulia, palipokuwa na alama ya kuungua ya sigara ya mteja mmoja wa zamani. Aliijua.

"Nani alibandua?"

"Ni mimi. Jumamosi ile, kabla huyu hajaja."

"Na umekaa nayo hapo."

"Hapo hapo. Umeweka mkono juu yake mara nyingi ukinunua protekta."

Nasimiyu ndiye aliyesema, na hakuniangalia mimi, alimwangalia Ngige.

"Mzee, uliuliza skrini iko wapi. Umeiona?"

Ngige akainama. Akaanza kutoa nailoni ya fremu kwa ukucha, kipande kwa kipande, upande wa juu, upande wa kushoto. Ilikuwa ngumu, ilikatika. Kila kipande alikikunja akakitia mfuko wa shati. Mimi nimemjua miaka tisa na sijawahi kumwona akifanya hivyo, na kwa wengine hapo nadhani ingetosha.

"Hiyo ni kutoa nailoni," Nasimiyu akasema. "Sema na mdomo. Senge anasikia."

"Skrini ni hii. Hukuchukua kitu."

"Na macho?"

"Macho yako hayana neno."

"Na karenda?" Viola akauliza.

"Zitachapwa upya. Kwa gharama yangu."

"Na mimi nibaki ama niende?" Nasimiyu akauliza.

"Ubaki."

"Basi hiyo miwani naifuta. Na kile kimeza," akasema bila kugeuka, "kihamie nje."

Ngige akakubali kwa kichwa. Sikubishana. Nilikunja nailoni yake nikamrudishia, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimefika mlangoni na ncha moja ya benchi wakati Mama Kabiru aliporudi, anahema, na risiti ndani ya nailoni yake. Viola akamwambia imeshakwisha, imejulikana, hakuna haja.

"Haja iko," Nasimiyu akasema. Akaichukua ile risiti, akaitoa kwenye nailoni, akaikunjua. Akamwomba Sifuna aende nyuma ya skrini na tochi ya simu. Kisha akaanza kusoma namba, moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma ibada.

"Saba."

"Saba," Sifuna akajibu kutoka nyuma.

"Saba tena."

"Saba."

"Mbili."

Kufikia ya nne akina mama walikuwa wameanza kuitikia pamoja na Sifuna, saba wote, sauti ya kwanza na ya pili. Zilikuwa namba kumi na mbili. Ngige alisimama wima mpaka ya mwisho, ambayo ilikuwa tisa.